Kipi Kilihama?

Mapema mwaka 1956 msikilizaji wa Philadelphia aliwasha redio yake bila kugusa kitufe cha masafa. Mshale ulikuwa palepale, 1060. Minara iliyokuwa ikirusha ilikuwa ileile, na mji wa leseni ni uleule. Ila jina lililotangazwa lilikuwa geni: WRCV. KYW, jina alilolisikia tangu 1934, lilikuwa limehamia Cleveland, zaidi ya kilomita 500 upande wa magharibi, likatua kwenye masafa ya 1100 yaliyokuwa ya kituo kingine kabisa, WTAM.

Watu wa Cleveland nao wakaamka na mgeni.

Hakuna mnara uliong'olewa. Hakuna lori lililobeba mtambo kuvuka milima ya Pennsylvania. Basi kipi kilihama?

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa, na kila nilipodhani nimelimaliza, historia ya kituo chenyewe ilinirudisha mwanzo. Tumezoea kusema "redio ya eneo fulani" kana kwamba ni kitu kimoja. Ukikifungua unakuta vitu vitano au sita vilivyofungwa pamoja kwa muda: leseni, herufi za utambulisho, masafa, mnara, chumba cha habari, na watu waliozoea kusikia jambo fulani saa fulani. Katika maisha ya KYW, karibu kila kimoja kati ya hivyo kimewahi kufunguliwa na kupelekwa kwingine. Ndiyo maana nimeichagua.

## Opera kwanza

KYW haikuzaliwa ikisoma habari, wala haikuzaliwa Philadelphia. Ilianza Chicago tarehe 11 Novemba 1921, mali ya Westinghouse, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme na iliyotaka watu wanunue redio. Redio hainunuliwi kama hakuna cha kusikiliza. Westinghouse ikaweka mtambo juu ya paa la jengo la Commonwealth Edison na kuunganisha vipaza sauti vya jukwaa la opera ya Chicago. Msimu mzima kituo kikarusha opera, karibu opera tupu. Inakadiriwa kwamba msimu ulipoanza mji ulikuwa na redio zipatazo 1,300, na ulipofikia mwisho zilikaribia 20,000.

Halafu msimu ukaisha.

Hapo KYW ikakutana na tatizo ambalo hakuna kituo kilichowahi kulikwepa: mtambo unataka kitu kila siku, na jukwaa halina kitu kila siku. Muda ukajazwa kwa muziki, mihadhara, michezo, bei za masoko na habari. Habari ziliingia kuziba pengo. Nalisisitiza hili kwa sababu historia za vituo vya habari huandikwa mara nyingi kana kwamba wito wa uandishi ulikuwapo tangu siku ya kwanza. Hapa haukuwapo. Kulikuwapo kampuni yenye redio za kuuza.

## Ramani ya kanda tano

Jibu langu la kwanza lilikuwa: kituo ni masafa yake. Msikilizaji haoni leseni, anaona namba kwenye redio. Namba ikibaki, kituo kimebaki.

Kisha nikafika mwaka 1928.

Kufikia hapo vituo vilikuwa vimejaa hadi kupigana angani, na Tume ya Redio ya serikali ikatoa Amri Kuu Namba 40, iliyoanza kazi tarehe 11 Novemba 1928. Nchi iligawanywa kanda tano. Kila kanda ilipewa masafa manane yaliyo wazi, yaani namba ambayo usiku ingekuwa na kituo kimoja tu kikubwa ili mawimbi yake yasafiri mbali bila kugongana na ya mwingine. KYW ilikuwa kwenye 1020. Namba hiyo, kwa ramani mpya, ilikuwa ya kanda ya pili, yenye Pennsylvania ndani yake. Chicago ilikuwa kanda ya nne.

Kituo kilikuwa Chicago, namba yake ilikuwa Pennsylvania.

Mvutano huo ulidumu miaka sita. Mwishoni Westinghouse ikaifuata namba: Desemba 1934 KYW ikafungwa Chicago na kufunguliwa Philadelphia. Hapo masafa yalionekana kushinda. Ila tarehe 29 Machi 1941 mkataba wa nchi za Amerika ya Kaskazini ukapanga upya karibu bendi nzima ya AM (yenye namba kama 1060 na 1100), na vituo vingi vikasogezwa usiku mmoja. KYW ikatoka 1020 ikaenda 1060. Redio za wakati ule zilikuwa na vitufe vilivyotegwa kwenye namba za vituo, na mafundi walipata kazi ya kuvitega upya. Wasikilizaji waliifuata namba mpya na maisha yakaendelea.

Namba iliyosababisha kituo kizima kuvuka majimbo ikaachwa baada ya miaka isiyofika saba. Jibu langu la kwanza likaanguka.

(Herufi zenyewe ni masalia. Marekani, vituo vya mashariki mwa mto Mississippi huanza na W, vya magharibi na K. Chicago, Philadelphia na Cleveland zote ziko mashariki. KYW ni miongoni mwa K chache zilizobaki upande ule kwa sababu zilitangulia utaratibu kukaza.)

## Ardhi, shaba na usiku

Jibu la pili lilikuwa mnara, na hili nililishikilia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu lina ukweli mkubwa ndani yake.

Kwenye AM mnara haubebi antena. Mnara wenyewe ndio antena. Unasimama juu ya kihami cha kauri, umeme wa redio unapanda chuma chote, na nusu ya pili ya antena iko chini ya udongo. Kwa kilohezi 1060 wimbi moja lina urefu wa mita 283, kwa hiyo mnara wa robo ya wimbi unafika mita 71. Chini yake, kwa desturi ya mafundi, huzikwa nyaya 120 za shaba zinazotawanyika kutoka kwenye kitako kila upande, kila moja karibu na robo ya wimbi. Piga hesabu: 120 mara 71, zaidi ya kilomita 8.5 za waya kwa mnara mmoja, kwenye kina kifupi tu cha udongo.

Mchana wimbi hutambaa juu ya ardhi. Udongo wenye unyevu na chumvi hulibeba mbali, mchanga mkavu na mwamba hulinyonya. Namba ya chini kwenye bendi hufika mbali kuliko ya juu kwa nguvu ileile, hivyo kituo cha 600 chenye kilowati 5 kinaweza kulingana mchana na kituo cha 1500 chenye kilowati 50. Baada ya jua kuzama, tabaka la chini la ionosfia (anga ya juu yenye chaji za umeme) lililokuwa likimeza mawimbi hutoweka, mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbele. Kituo cha kilowati 50 kama KYW husikika usiku sehemu kubwa ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Ila kuna ukanda wa katikati, ambako wimbi la ardhini limechoka na la angani limeanza kushuka. Hapo yanakutana yakiwa na tofauti ndogo ya muda, yanafutana, na sauti inazama na kuibuka kila baada ya sekunde chache. Anayeishi kwenye ukanda huo ana redio nzuri mchana na redio mbovu usiku, na fundi hana la kumsaidia.

Kwa sababu masafa ya 1060 yanatumiwa pia na Mexico City kwa daraja lilelile la juu, KYW haikuruhusiwa kumwaga nguvu pande zote sawa. Inatumia minara miwili. Umeme unagawanywa kati yao kwa kiasi na kwa muda uliopimwa, ili mawimbi yajumlishane upande mmoja na kupunguzana upande mwingine. Kanuni za Marekani zinaruhusu uwiano wa umeme kati ya minara upotoke kwa asilimia 5 tu, na pembe ya muda kwa nyuzi 3 tu. Ikizidi hapo kituo kinatakiwa kurekebisha.

Yanayoharibu mpangilio huo mara nyingi hayana kelele. Shaba inaliwa na udongo wenye asidi, au inachimbwa na wezi. Kiungo kimoja kwenye sanduku la kurekebishia antena kinalegea. Mtu anajenga jengo la chuma au mnara wa simu jirani, chuma hicho kinapokea mawimbi na kuyarusha upya, na ramani ya kituo inapinda bila mtu kugusa mtambo. Radi ina njia yake: kwenye kitako huwekwa mipira miwili ya chuma yenye nafasi ndogo kati yake ili cheche irukie ardhini badala ya kupasua kihami. Mvua ikinyesha na nafasi ikiwa imekazwa mno, cheche hurukia hapo kwa nguvu ya kituo chenyewe, na mtambo hujizima kila baada ya dakika kadhaa. Fundi mgeni atatafuta tatizo ndani ya mtambo siku nzima wakati liko nje, kwenye mipira miwili iliyolowa.

Nikiangalia haya yote nilijiambia kwamba eneo la redio huchorwa na udongo na shaba kuliko mipaka ya serikali. Mawimbi ya KYW hayajali kwamba Pennsylvania, New Jersey na Delaware ni majimbo matatu.

Hata hivyo 1956 inabaki palepale. Minara ilibaki Philadelphia, na KYW haikuwapo.

## Kitisho na dola milioni 3

NBC, mtandao mkubwa wa redio na televisheni, ilitaka vituo vyake yenyewe Philadelphia, uliokuwa mji mkubwa kuliko Cleveland. Westinghouse haikutaka kuondoka. NBC ikatumia silaha iliyokuwa nayo: vituo vya televisheni vya Westinghouse vilitegemea vipindi vya mtandao wa NBC, na vingeweza kunyimwa. Westinghouse ikakubali. Ikatoa redio ya KYW na televisheni yake ya Philadelphia, ikapokea vituo vya NBC vya Cleveland pamoja na dola milioni 3, na ikabeba herufi zake.

Herufi ndizo zilizohama. Hizo na wahasibu.

Wizara ya Sheria ikashtaki. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba idhini ya Tume ya Mawasiliano (mrithi wa Tume ya Redio) haikuizuia serikali kuupinga mpango huo chini ya sheria za ushindani. Mwaka 1964 Tume yenyewe ikaamuru ubadilishanaji urudishwe nyuma, na tarehe 19 Juni 1965 KYW ikarudi Philadelphia, kwenye 1060. Cleveland ikapata herufi mpya, WKYC, na ilichukua hadi 1996 kwa jina la WTAM kurudi kwenye 1100 yake.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kituo ni herufi, maana Westinghouse ilizibeba kwenda na kurudi. Lakini jiulize msikilizaji wa Philadelphia alipoteza nini hasa 1956. Aliendelea kupata muziki na taarifa za mtandao kutoka minara ileile. Jina liliondoka, yeye akabaki na redio iliyofanya kazi karibu ileile.

Kilichobadili kila kitu kilikuja miezi mitatu baada ya kurudi.

## 21 Septemba 1965

Siku hiyo KYW iliacha muziki na kuanza kusoma habari saa 24. Haikuwa ya kwanza. Gordon McLendon, mmiliki wa vituo vya redio, alikwishajaribu 1961 kwa kituo cha Tijuana kilichorusha habari tupu kuvuka mpaka kuelekea Los Angeles, akafuata na kituo cha Chicago mwaka 1964. Westinghouse ilianza na WINS ya New York tarehe 19 Aprili 1965, kituo kilichokuwa maarufu kwa rock and roll. Tofauti iko kwenye kazi. Vya McLendon vilisoma zaidi habari za mashirika. Westinghouse iliajiri waandishi wa kwenda nje na vinasa sauti.

Wengi walidhani mtindo huu hautadumu. Ni nani atakayesikiliza habari saa nzima?

Hakuna aliyetakiwa kufanya hivyo, na hapa ndipo wazo zima lilipo. WINS ilijinadi: tupe dakika 22, nasi tutakupa ulimwengu. Kituo kilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeingia na kutoka. Kinaishi kwa wingi wa watu wanaopita, na kila mmoja wao akae muda mfupi. Redio ya transista ilikuwa imeingia mifukoni, redio ya gari ilikuwa kawaida, na tarehe 9 Novemba 1965 umeme ukakatika kwa watu wapatao milioni 30 kaskazini mashariki mwa Marekani na Ontario. Minara ya AM ya vituo kadhaa vya New York, ya WINS ikiwamo, ilisimama New Jersey, ambako sehemu kubwa haikukatikiwa. Watu wakakaa gizani na redio za betri.

## Saa iliyokatwa vipande

Nimetumia muda mwingi kwenye ratiba ya saa moja ya vituo hivi, kwa sababu hapo ndipo shaka yangu ilipoanza kupata mahali pa kushika.

Saa huchorwa kama duara na kukatwa. Vichwa vya habari viko dakika 00 na 30. Foleni za barabarani na usafiri, kwa KYW, huja dakika za mbili: 02, 12, 22, 32, 42 na 52. Hali ya hewa, michezo na biashara zina nafasi zake, na matangazo ya biashara yana zake. Kinachobaki katikati ni mapengo ya dakika moja, mbili, tatu, na humo ndimo habari zinapoishi. Habari moja ya kawaida ni sekunde 30. Ripoti kamili ni hivi: mtangazaji sekunde 10 za kufungua, ripota sekunde 35, na ndani ya hizo sauti ya mhusika sekunde 10 au 12.

Mtangazaji huhesabu kutoka mwisho kuja mwanzo. Foleni ni dakika ya 12 kamili, tangazo kabla yake ni la sekunde 60, kwa hiyo sentensi ya mwisho ya habari lazima ife saa inaposoma dakika ya 11 kamili. Pembeni anaweka habari tatu za akiba, za sekunde 15, 20 na 30. Ripoti ikija fupi anaziba, ikija ndefu anaacha. Anayechelewa kwa sekunde 8 kila kipande, mwisho wa nusu saa atakuwa ameila michezo yote.

Na habari haisomwi mara mbili ilivyo. Kila mzunguko inaandikwa upya: kilichoongezeka kinapanda juu, cha zamani kinashuka, kitenzi kinabadilika. Asipofanya hivyo mhariri, aliyekaa dakika 40 anahisi kanda inajirudia na anazima.

Vifaa vya miaka ile viliifanya kazi hii iwe ya mikono. Mahojiano yalinaswa kwenye tepu ya sentimita 19 kwa sekunde. Pumzi ya nusu sekunde ilikuwa sentimita 9.5 za utepe: unaweka alama kwa penseli ya nta, unakata kwa wembe kwa mshazari wa nyuzi 45, unaunga kwa gundi ya utepe. Mshazari unafanya kiungo kipite kwenye kichwa cha mashine pole pole, bila mlio. Kipande kilichokamilika kilihamishiwa kwenye kartriji, yenye utepe wa duara usio na mwisho na mlio wa kificho uliousimamisha ulipofika mwanzo. Kosa la kawaida lilikuwa kuitoa kartriji kabla haijazunguka hadi kwenye mlio wake. Aliyeibonyeza baadaye alisikia ukimya, au mkia wa sauti ya waziri, hewani.

Nyuma ya yote kulikuwa na teleprinta za mashirika ya habari, zikigonga karatasi usiku na mchana na kulia kengele kwa habari nzito. Mashine ziliondoka, lakini KYW na WINS waliubakiza mlio wake kama rekodi chini ya sauti ya mtangazaji. Wapo wanaouona kama pambo. Mimi nauona kama alama: ukizungusha kitufe kwenye gari, unajua umefika kabla mtu hajasema neno.

## Namba za theluji

Kisha kuna namba za shule, na hapa ndipo nilipobadili mawazo.

Theluji ikianguka usiku, shule za eneo zinaamua alfajiri kama zitafungua. KYW inahudumia majimbo matatu yenye mamia ya shule na wilaya za shule, na majina yanajirudia: shule za watakatifu walewale ziko kila upande wa mto Delaware. Tuseme zimefungwa 500. Kusoma jina na mji kwa sekunde 3 kila moja kunakula dakika 25, na saa nzima ya habari imekufa. KYW ikazipa shule namba. Mtangazaji akasoma namba tupu, kwa mpangilio, moja kwa sekunde. Orodha ileile ikaingia kwenye dakika zipatazo 8, na ingeweza kukatwa vipande kati ya foleni na hali ya hewa.

Faida ya pili haikuhitaji hesabu. Namba haifanani na jirani yake kimatamshi kama majina yanavyofanana, na anayesikiliza anajua anasubiri nini. Orodha ikipita namba yake bila kuitaja, anajua pia.

Kizazi baada ya kizazi watoto wa eneo lile walijua namba ya shule yao kwa sababu ya redio. Tafuta jambo hili kwenye leseni, halimo. Halimo kwenye herufi, kwenye masafa wala kwenye shaba. Liko kati ya chumba cha habari na watu waliomo ndani ya mawimbi yake, na limekaa juu ya uaminifu wa saa: namba zitasomwa, zitasomwa sahihi, na zitasomwa wakati bado unaweza kuvua sare na kurudi kitandani.

Mpaka leo sijapata jibu la swali langu linalolishinda hilo.

## Simu ni rahisi

Vituo vingi vya maeneo havikufuata njia hii. Vilichukua ya mazungumzo, na sababu kubwa ni gharama. Habari saa 24 zinataka zamu za watangazaji, wahariri, waandishi, mafundi, maripota wa nje na watu wa foleni, siku saba kwa wiki. Mazungumzo yanataka mwenyeji, mtayarishaji wa kupokea simu, na laini kadhaa.

Ufundi wake una mambo yake. Simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa hiyo mpigaji hupoteza besi na ncha za herufi kama "s" na "f". Anayeacha redio yake ikiwaka anajisikia amechelewa, anakwama katikati ya sentensi, kwa sababu matangazo hucheleweshwa sekunde kadhaa ili tusi likatwe kabla halijatoka. Zamani ucheleweshaji huo ulifanywa kwa mashine mbili za tepu: moja inanasa, ya pili iliyo mbali kidogo inasoma utepe uleule. Kwa mwendo wa sentimita 38 kwa sekunde, sekunde 7 ni mita 2.66 za utepe zinazopita kwenye vigurudumu hewani kati ya mashine. Mtu akiugusa kwa kiwiko, kituo kizima kinayumba sauti.

Mwaka 1987 Tume iliondoa kanuni iliyovitaka vituo vitoe pande tofauti kwenye mambo yenye mabishano. Mwaka uliofuata kipindi cha mazungumzo ya siasa cha Rush Limbaugh kilianza kusambazwa nchi nzima, na vituo vingi vya AM vikagundua kwamba mazungumzo yanaweza kuja kutoka mbali, bila mwenyeji wa hapo. Mnara ulibaki kwenye eneo, leseni na herufi pia. Msikilizaji akapigiwa kelele kuhusu mambo ya nchi huku daraja la mtaani kwake limefungwa na hakuna aliyemwambia. Sina uvumilivu na hilo. Kilowati 50 zilizopewa eneo fulani kwa amri ya umma, kisha zisilitaje eneo hilo kuanzia asubuhi hadi jioni, zimepotezwa.

## Kipimo kilichovaliwa

Philadelphia ina nafasi nyingine kwenye historia hii. Kwa miongo mingi wasikilizaji wa Marekani walihesabiwa kwa shajara: watu waliochaguliwa waliandika kwa wiki walisikiliza nini. Mwaka 2007 Philadelphia ilikuwa ya kwanza kuhama rasmi kwenda kifaa kidogo cha kuvaliwa kinachonasa alama ya siri iliyofichwa ndani ya sauti ya kila kituo. Shajara ilipima kumbukumbu. Kifaa kilipima kilichofika sikioni, hata dakika tano za foleni ambazo hakuna ambaye angekumbuka kuziandika. Kwa kituo kinachoishi kwa wapitaji hiyo ni tofauti ya msingi. Wakati huohuo kilionyesha wazi ni lini mtu anaondoka, na matangazo mengi mfululizo yakaonekana yalivyo.

## Baada ya 880

Kilichonifanya nianze kuuliza haya kilitokea New York. WCBS 880 ilianza habari saa 24 tarehe 28 Agosti 1967, siku moja baada ya ndege ndogo kuugonga na kuuangusha mnara wake, kwa hiyo ilibidi ianzie kwenye FM. Ilianza bila mnara wake, na hakuna aliyesema haikuanza. Agosti 2024, karibu miaka 57 baadaye, habari zilikoma. Masafa ya 880 hayakuzimwa. Yana nguvu ileile, yanarusha michezo chini ya herufi nyingine.

Nikiitumia hesabu ya namba za theluji, New York 2024 ni kinyume cha Philadelphia 1956. Kule jina liliondoka na kituo hakikupoteza kitu kikubwa. Hapa wimbi limebaki na kituo kimekufa, kwa sababu chumba cha habari kilichotunza saa hakipo.

KYW imechagua kupanuka. Tangu mwishoni mwa 2020 inasikika pia kwenye 103.9 FM, kama WTOP ya Washington ilivyohamia 103.5 mwaka 2006 na WINS ilivyoingia 92.3 mwaka 2022. Sababu haihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyesikiliza AM karibu na taa za LED, chaja za simu au gari la umeme: mlio wa vifaa hivyo uko kwenye bendi hiyohiyo. Mwaka 2023 Ford ilikuwa tayari kuondoa AM kwenye magari mapya, ikageuza uamuzi baada ya kupingwa.

FM ni safi, lakini inaishia karibu na upeo wa macho. Wimbi lake halitambai juu ya ardhi wala halirudi kutoka angani. Kinachonipa wasiwasi ni siku ambayo mwenye minara ataiona ardhi iliyobeba kilomita zile za shaba kuwa ina thamani kuliko matangazo, na kuiuza. Watakaoachwa kwanza ni wa pembezoni, wa kusini mwa New Jersey na mashambani mwa Pennsylvania, wanaopata 1060 vizuri mchana na 103.9 kwa shida. Mhariri anayejua hawamsikii ataacha kutaja barabara zao, kisha shule zao, na hatahitaji amri ya Tume wala kesi ya Mahakama ya Juu kufanya hivyo.